Bwana Shamba na Mbegu ya Bi Harusi

Bwana Shamba hakuwa mtu wa kubisha hodi. Alianza na shamba lako. Aliegemeza baiskeli kwenye mnazi, akaingia katikati ya mihogo, akageuza majani matatu manne, akayatazama kwa lenzi iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, ndipo akaja mlangoni. Kufika hapo habari zako alikuwa nazo. Kabla hujamaliza shikamoo yako alishakwambia umechelewa kupalilia, na kwamba mbuzi wa jirani ameingia kwako juzi, si jana kama anavyodai mwenyewe.

Jina lake nalijua. Silitaji hapa, na sababu yake nitaifikia. Kijijini kwao, upande wa Pongwe unapoelekea Muheza, hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Bwana Shamba, na mke naye tukamwita Bibi Shamba, ingawa shamba hakulipenda hata kidogo. Biashara yake ilikuwa aiskrimu za ukwaju, alizozigandisha kwenye jokofu lililokaa sebuleni kama mgeni wa heshima. Jokofu hilo nalitaja mapema kwa sababu shahada yangu ilikaa humo.

Serikali ilikuwa imemstaafisha miaka mingi kabla sijamjua. Aliyemrithi alikuwa na pikipiki na kata tatu za kuzungukia, kwa hiyo watu waliendelea kumfuata mzee. Naye aliendelea kwenda, na shati lake la kaki lenye mifuko minne, kalamu mbili mfukoni na kisu cha kukatia mbegu kiunoni. Baada ya kila shina alilokata alifuta kisu kwa kitambaa chenye spiriti. Nimemwona akifanya hivyo kwenye mvua, na nimemwona akifanya hivyo akiwa na homa. Shati lenyewe liliweza kukaa wiki bila kufuliwa, lakini kisu, wallahi, ungeweza kulia pilau.

Mimi ni mtoto wa mjini, wa Chumbageni. Muhogo niliujua ukiwa kwenye sahani, wa nazi au wa kukaanga na kachumbari, na niliporudi kutoka chuoni nikamwambia mama kwamba shahada yangu ya pili ni ya virusi vya muhogo, alicheka mpaka akakaa chini. Nikaenda kwa Bwana Shamba na barua ya wilaya yenye mihuri miwili. Aliisoma mbele, akaisoma na nyuma ambako hakukuandikwa kitu, akaikunja, akabana ndani yake majani aliyokuwa ameyachuma asubuhi ile. Barua hiyo sikuiona tena.

"Barua imekufikisha," akasema. "Sasa onyesha jani."

Hilo lilikuwa neno lake. Jirani akilalamika kwamba mkwewe anamdharau, Bwana Shamba humjibu, "Onyesha jani." Mgombea mmoja alikuja kuahidi barabara ya lami, akiwa bado amenyoosha mkono hewani sauti ikatoka nyuma ya mkutano: "Onyesha jani." Watu walicheka hata mgombea mwenyewe akacheka, ingawa barabara mpaka leo ni vumbi. Maana yake ilikuwa moja tu: usinipe maneno, nipe kitu nikigeuze nikiangalie kwa jicho langu. Na jicho lake liliheshimiwa. Batobato, ule ugonjwa unaokunja majani ya muhogo, aliutambua akiwa juu ya baiskeli.

Hakupenda kupigwa picha. Lakini kwenye pochi yake alikuwa na picha moja, imechakaa pembe, ya muhogo aliowahi kuupeleka kwenye maonyesho ya Nane Nane, mrefu kama mguu wa mtu mzima. Watoto wake wanne hawakuwemo. "Ukimwuliza wa mwisho kazaliwa lini, atakwambia mwaka ule wa viwavi," Bibi Shamba aliniambia, na mzee, aliyekuwa akisikia, akasahihisha: ilikuwa mwaka uliofuata.

Watu wa vipimo hakuwa na haja nao. Enzi zake za kazi alifunga majani kwenye magazeti akayapeleka maabara za mbali, na majibu, kama yalirudi, yalirudi mvua imeshanyesha na watu wameshapanda. "Kuna majani niliyatuma wewe hujazaliwa," aliniambia. "Bado nasubiri."

Muhogo wake uliitwa Bi Harusi. Yeye ndiye aliyeuita hivyo, kwa sababu kila harusi aliyoalikwa alikwenda na mzigo wa mbegu zake badala ya kanga au sufuria. Ulikuwa muhogo mtamu, usio na nyuzi, majani yake mapana na ya kijani. Aliuchimba mapema siku zote. Kwake muhogo uliopita miezi minane ulikuwa kuni. Mwezi wa Ramadhani alizunguka nyumba za jirani na kikapu, kila nyumba mihogo miwili mitatu ya futari, na ilikuwa ikiiva haraka na kulainika mpaka unasahau kutafuna. Wenzake kijijini hawakuwa na anasa hiyo. Wao waliuacha ardhini mwaka, mwaka na nusu, kwa sababu ardhi ndiyo ghala yao, wakichimba kidogo kidogo siku unga ukiisha.

Lazima nieleze habari ya mbegu, kwa msomaji aliyekulia mjini kama mimi. Mbegu ya muhogo si punje. Ni shina lenyewe, linakatwa vipande vifupi, vinafukiwa, vinaota. Ukimpa mtu mbegu umempa mmea wako uleule, na yeye akimpa mwingine bado ni uleule. Huko kwao hazinunuliwi, zinaombwa, na kuomba kuna adabu zake. Anayetoa huuweka mzigo chini, haukabidhi mkononi. Anayepewa anauokota anakwenda zake, na hasemi asante. Wanasema asante ni malipo, na mbegu iliyolipwa haioti.

Mimi hilo sikulijua. Mara ya kwanza aliponiwekea mzigo wa Bi Harusi nimpelekee mama, niliuokota kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa, nikasema, "Asante sana, Bwana Shamba."

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. Akauchukua mzigo, akautupa jikoni kwa mkewe. "Umeshaiua hiyo. Ipikie," akasema. Kisha akaenda shambani akakata mwingine, akafuta kisu, akauweka chini mbele ya miguu yangu na kungoja. Niliuokota bila kufungua kinywa, uso unaniwaka. Mbegu zile mama alizipanda nyuma ya nyumba na zikaota zote.

Na sasa mashine. Inatosha kiganjani, ukubwa wake ni wa stepla ya ofisini, na inachomekwa kwenye laptopu kwa waya. Unaponda jani, unalisafisha kwa dawa kadhaa mpaka ubaki na tone moja la maji yaliyobeba vinasaba, yaani maandishi ya ndani ya kiumbe, na tone hilo unalidondosha kwenye chipu iliyo ndani ya mashine. Mashine inasoma. Kama ndani ya jani kuna virusi, maandishi ya virusi yanasomwa pamoja na ya muhogo. Zamani kazi hiyo ilitaka chumba kizima na wiki kadhaa. Sasa ilitaka meza na betri ya gari, na siku moja.

Nilimweleza hivyo Bwana Shamba. Akauliza inasoma kwa herufi ngapi. Nikamwambia nne.

"Nne tu?" akasema. "Sisi chuoni kwa maalimu tulianza na ishirini na nane."

Lakini alisogeza kiti. Siku ya kwanza niliweka meza barazani, penye upepo, nikajiona mjanja. Jua lilizunguka, likatufikia, na kabla ya adhuhuri chipu ilikuwa imekufa kwa joto. Nililia, sioni aibu kusema, kwa sababu chipu zilikuwa chache na kila moja ilikuwa imeombewa barua. Nilipokuja tena nilikuta Bwana Shamba ametoa magunia kwenye ghala lake la udongo, lenye ukuta mnene, amefagia, ametundika gunia lililoloa maji mlangoni, na meza iko ndani. Dawa zangu zikaingia kwenye jokofu la sebuleni, kati ya ukwaju na ukwaju. Bibi Shamba aliandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye boksi langu: SI CHAKULA.

Ikaja kuonekana kwamba mikono yake ni mitulivu kuliko yangu. Pipeti, ile sindano isiyo na ncha tunayopimia matone, mimi ilinitetemekea. Yeye aliishika mara tatu kwa kujifunza, ya nne akadondosha tone katikati ya tundu dogo la chipu bila hata kiputo kimoja cha hewa, na chipu haipendi viputo. Tangu siku hiyo kudondosha ikawa kazi yake. Alivua kofia kwanza, akanawa mpaka viwiko, akasema bismillahi. Aliniita Daktari, kwa kunitania, shahada yenyewe ya pili sijaimaliza.

Ugonjwa niliokuwa nikiufuata ni michirizi ya kahawia. Huo ni mjanja kuliko batobato. Muhogo unaweza kusimama shambani umependeza, na chini mizizi inaoza polepole, madoa ya kahawia makavu, mpaka siku ya kuchimba unakuta hakuna cha kula. Wakati ule ulikuwa umewakamata wengi. Aliyeumia zaidi alikuwa Mwanahamisi, mjane mwenye shamba karibu na shule, aliyechimba matuta yote na asipate kikapu kimoja kizima. Alimletea Bwana Shamba mzizi uliooza, akamwambia mbele za watu kwamba ni Bi Harusi wake. Bwana Shamba akaugeuza, akaunusa.

"Umeuacha muda mrefu, na pale kwako maji yanatuama," akamwambia. "Mbegu haina kosa. Mbegu ninayo mimi kwangu, nenda katazame majani."

Mwanahamisi alikwenda zake. Nilikuwepo, nikiandika kwenye daftari langu: udongo unaotuamisha maji. Niliandika kwa sababu Bwana Shamba ndiye aliyesema.

Vuli ilipokaribia, kikundi cha wakulima kilimwomba mzee mbegu, kwa kuwa wengi hawakubakiwa na kitu. Akakata karibu shamba zima. Mizigo arobaini hivi ilisimama kivulini nyuma ya nyumba, imefungwa kwa makuti, ikingoja mvua ya kwanza. Na wiki hiyohiyo mimi nilikuwa napima majani ya mihogo migonjwa. Kwa kipimo kama hicho unahitaji jani moja safi la kulinganishia, ili ukiona virusi kwenye mengine ujue ni vya kweli na si uchafu wa mikono yako. Nikamwuliza Bwana Shamba ni wapi nitapata jani safi kijijini.

Alitoka, akarudi na jani la kwake.

Kufikia alasiri majani ya mihogo migonjwa yalionyesha virusi, kama nilivyotegemea. Jani la kulinganishia lilionyesha virusi kuliko yote. Nikadhani nimechanganya. Nikamwambia nimechafua sampuli, akanisomea somo refu juu ya usafi, na kisu chake akakitoa kiunoni kunionyesha mfano. Tukalala, kesho yake tukarudia tangu mwanzo, jani jingine la shamba lake, dawa mpya, na tone la mwisho akalidondosha yeye mwenyewe kwa mkono wake mtulivu na bismillahi yake. Majibu yakawa yaleyale.

Nilikaa mbele ya laptopu nikitamani majibu yachelewe. Hiyo ndiyo aibu yangu. Miaka yote watu walilalamika kwamba vipimo vinakuja mvua imepita, na mimi niliyeleta mashine ya kumaliza malalamiko hayo nikatamani ningekuwa na maabara ya mbali ya kuisingizia. Nyuma ya nyumba mizigo arobaini ilikuwa imesimama. Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa milima ya Amani. Nikikaa kimya, kijiji kizima kingepanda ugonjwa. Nikisema, ningekuwa nimemchukua mtu aliyenipa ghala lake na jokofu la mkewe, nikamwambia kwamba zawadi aliyopeleka kwenye kila harusi ilikuwa maradhi.

"Bwana Shamba," nikasema, "lile jani la kulinganishia lina ugonjwa."

Alikuwa akifuta meza. "Mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya pili umeidondosha wewe."

"Onyesha jani."

Nikamgeuzia kioo cha laptopu. Akatikisa kichwa, akatoka na lenzi yake. Nilimwona akipita kati ya mashina machache yaliyobaki, akigeuza, akiinama. Majani ya juu yalikuwa mazuri. Ya chini kabisa yalikuwa na unjano hafifu pembeni mwa mishipa, ambao siku zote aliuita uzee. Alikaa huko muda. Kisha akazunguka nyuma ya choo, ambako kulikuwa na shina moja la Bi Harusi lililosahauliwa, limerefuka mpaka kwenye bati. Hilo halikuwahi kuchimbwa. Lilikuwa na mwaka na nusu.

Akalichimba mwenyewe, mimi nikishika shina. Akakata mzizi wa kwanza. Ndani ulikuwa na madoa ya kahawia, makavu, kutoka ncha hadi ncha. Akafuta kisu kwa spiriti, akakata wa pili. Akafuta tena, akakata wa tatu. Wote.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nadhani naye palepale. Muhogo wake ulikuwa unaumwa kama wa Mwanahamisi, sema yeye alikuwa akiuchimba kabla ugonjwa haujapata muda wa kuonekana. Ile futari laini ndiyo iliyomdanganya. Kila aliyeuacha ardhini aliuona uozo, na kila aliyeuona aliambiwa ni udongo wake.

Bwana Shamba aliinuka, akapangusa magoti.

"Asante, mwanangu," akasema.

Akaingia ndani. Nilibaki nyuma ya choo na mizizi ile mitatu. Hakuniita Daktari, hakufoka. Alinishukuru, na katika kijiji kile nilishajua asante inafanya nini.

Siku tatu hakutoka. Mizigo ilikuwa palepale. Niliandika ujumbe kwa msimamizi wangu, nikaufuta, nikaandika kwa mwenyekiti wa kijiji, nikaufuta pia. Nilijiambia ngoja Ijumaa. Kama Ijumaa ingepita angali kimya, ningesema mimi, na potelea mbali. Haikufika huko. Ijumaa baada ya swala alisimama nje ya msikiti, kofia mkononi, na walionisimulia wanakubaliana kwamba alisema maneno machache tu. Mbegu niliyowapa ni mbovu. Si udongo wenu. Msipande. Alasiri ile aliichoma mizigo yote, mmoja mmoja, na hakumruhusu mtu kumsaidia.

Kwa Mwanahamisi alikwenda siku ya pili, jembe begani. "Alilima matuta mawili," Mwanahamisi aliniambia. "Hakusema kitu. Nami sikumwuliza. Nilimpa maji akanywa, akaenda."

Mimi nilipata sehemu yangu. Msimu ule watu walipanda mahindi na mbaazi, na mahindi hayakuwa kitu. Mwanamke mmoja aliniambia barabarani, kwa upole kabisa, kwamba mashine yangu imekula mbegu yao. Nilikwenda kutoa boksi langu kwenye jokofu. Bibi Shamba akanipa na aiskrimu mbili za ukwaju, na Bwana Shamba alikuwa shambani, na kutoka shambani hakuja. Nilimpigia simu mara nyingi baada ya hapo. Iliita mpaka ikakatika. Nyumbani Chumbageni niling'oa hata mihogo ya mama, nikaichoma, naye akaninunia wiki nzima.

Tasnifu yangu ina ukurasa wa shukrani. Wamo wasimamizi, wamo mama na marehemu baba, yumo hata fundi aliyetengeneza laptopu. Bwana Shamba hayumo. Msimamizi wangu aliuliza kama nimesahau, maana kila sura ilikuwa na mkono wake. Nikamwambia sijasahau. Sikuweza kuandika neno lile kando ya jina lake, kwa sababu kuna kitu bado nilitaka kiote. Ndiyo maana na hapa jina silitaji.

Aliyenipa njia ni Bibi Shamba. Alinipigia siku moja, akazunguka na habari za umeme na bei ya sukari, mwishoni akasema kana kwamba amekumbuka tu, "Kuna binti wa mdogo wake aliolewa huko juu Amani. Miaka mingi. Alipelekewa mzigo naye." Kisha akakata simu.

Huko juu kwenye baridi inzi weupe wanaosambaza ugonjwa ni wachache. Nilipanda na mashine yangu. Yule binti, sasa mama mtu mzima, alinionyesha Bi Harusi kando ya migomba yake. Sikuyaamini majani. Nilipima jani la juu, la chini na mzizi, nikarudi mara mbili baada ya miezi nikapima tena. Baadhi ya mashina yalikuwa na ugonjwa, labda mzigo ulipanda nao tangu mwanzo. Machache yalikuwa safi. Nikayaomba, nikayaokota chini, nikanyamaza, nikayapanda nyuma ya nyumba ya mama chini ya chandarua cha kuzuia inzi. Mama alisema muhogo wangu una maisha bora kuliko yeye. Nikauacha ardhini mwaka na nusu, sikugusa. Mwezi mmoja kabla haujatimia nilimpigia Bibi Shamba. Nikamwambia tu kwamba Bi Harusi yuko Chumbageni na hajambo.

Hakubisha hodi. Mama alitoka kuanika nguo akamkuta mzee asiyemjua yumo ndani ya chandarua, akigeuza majani kwa lenzi. Akaniita kwa sauti ya kuniuliza kama amwite mjumbe. Nilitoka mbio na kanga begani. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa lilelile, na gunia tupu lilikuwa limekunjwa kwapani.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba." Hakuinua macho. Alikuwa kwenye majani ya chini. "Umepima mara ngapi?"

"Mara tatu. Na mizizi."

"Umeuacha muda gani?"

"Mwaka na nusu, mwezi huu."

"Leta jembe."

Akachimba. Akakata mzizi wa kwanza. Ulikuwa mweupe wote. Akafuta kisu. Wa pili mweupe. Akafuta kisu. Alikata na wa tatu, akamega kipande, akakitafuna kibichi, muda mrefu, akitazama ukuta wa jirani.

"Umeshakuwa kuni huu," akasema.

Nikaona mdomo wake unatikisika kidogo, na mimi nikajifanya natafuta kamba. Nilikata mashina, nikifuta kisu kila mara kwa spiriti, na najua alikuwa akihesabu. Nikaufunga mzigo. Nikauweka chini mbele ya miguu yake, nikarudi nyuma hatua mbili, nikangoja.

Bwana Shamba aliinama, akauokota, akautia kwenye gunia, akaliweka begani. Akapita mbele yangu, akapita mbele ya mama, akafungua geti, akaenda zake. Hakusema kitu.

"Mzee gani huyo?" mama akasema, kikapu cha nguo kiunoni. "Kapandiwa, kakatiwa, kafungiwa. Hata asante?"

Nilimwambia mama anyamaze, kitu ambacho sijawahi kumwambia maishani, nikatoka getini kumtazama akienda na gunia lake. Sijawahi kufurahi vile, hata siku niliyovaa joho.